Kulia Arobaini, Kushoto Thelathini na Tisa

Mwanangu Sekela,

Nimezipata! Salamu zitakuja huko mbele, kwanza ulijue hili. Nimezipata raba, mwanangu, jozi mbili za aina moja, rangi ile ile ya bluu iliyochoka, moja namba arobaini na nyingine thelathini na tisa. Bana Chanda ndiye aliyezitoa kwenye belo la viatu huko kwao Nakonde, akavuka nazo boda asubuhi hii, akazirusha mezani kwangu na kusema, "Tazama, Mama Sekela, mapacha!" Nilipiga kelele mpaka muuza ndizi wa jirani akadhani nimeibiwa. Sasa nimekaa nyuma ya meza, zipo mapajani, nimeshazifungua kamba na kupitisha vidole ndani kutafuta mshono wowote wa uchokozi, na mikono yangu haitaki kutulia niandike.

Utasema, si ungepiga simu tu mama. Simu ya mimi na wewe tunaijua. Vocha inaisha tukiwa bado tunaulizana hali, na juzi hata haikuisha, wewe ndiye uliyekata. Uliniamkia, ukasema kucha za mguu wa kulia zimekuwa nyeusi. Ukasema Jumapili kuna mbio za kilomita arobaini na mbili hapo Iringa, na kocha amewaambia wazi kwamba atakayeshindwa kuzimaliza ndani ya muda aliouweka atafungasha mizigo na kurudi kwao. Halafu ukasema, "Mama, nadhani narudi nyumbani." Hapo hapo ukakata. Mtu akikata simu huwezi kumjibu, ndiyo maana nakuandikia barua, maana barua haikatwi katikati.

Kabla ya hapo nilikuuliza kuhusu raba mlizopewa kambini. Ukaniambia ni mpya kabisa, zinang'aa, wote mmepewa. Nikakuuliza namba, ukasema thelathini na tisa. Zote mbili? Zote mbili. Umemwambia kocha habari ya mguu wako? Ukasema bado. Nakujua mimi. Unaona aibu kupewa kitu kipya halafu ulalamike. Sasa sikiliza: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kocha hajaingiza mguu kwenye kiatu chako, na usipofungua mdomo atajuaje? Huyo baba wa watu ana wasichana wengi wa kuwaangalia, si mganga wa ramli.

Lakini ngoja nicheke kwanza, maana tangu nizishike hizi raba nacheka peke yangu, nakukumbuka.

Bibi yako anadai yeye ndiye wa kwanza kujua kwamba utakuwa mkimbiaji. Ulikuwa bado unakaa naye Nanyala, shuleni unakwenda peku, na kila jioni ulikatiza kwenye kahawa yake kwa kasi iliyomfanya aache kuchuma na kushika kiuno. Siku nilipokuja kuwaona akaniuliza, "Huyu anakimbizwa na nani?" Nikamwambia hakimbizwi na mtu, mama. "Basi anaumwa," akasema, akakuchemshia majani machungu. Ukayanywa yote bila kukunja uso, ukafuta mdomo, ukatoka nduki tena. Nilicheka, lakini njia nzima nikirudi Tunduma nilikuwa nafikiria miguu yako. Muuza viatu hawezi kuona mguu akaacha kuufikiria.

Ulipokuja kukaa na mimi ili uanze sekondari, nilidhani mambo ya mbio yameishia kwenye kahawa ya bibi. Tunduma haikuwa na uwanja wa kukutosha, ilikuwa na malori. Kumbe malori ndiyo yatakuwa uwanja wako! Asubuhi ulikwenda mpaka karibu na geti la boda, ukageuka, ukaanza kuifuata foleni kutoka lori la kwanza mpaka la mwisho, kisha unarudi. Wenzako walipima kwa kilomita, wewe ulipima kwa foleni. Ikiwa fupi ulirudi mapema umenuna. Ikifika Mpemba ulirudi fulana imelowa, unaimba. Madereva walikuzoea, wakawa wanakuwekea maji juu ya bampa, na wengine ndizi. Kuna wiki moja watu wa forodha walifanya kazi kwa kasi ya ajabu, malori yakavuka yote, barabara ikabaki tupu. Mji mzima unafurahi, wewe ukaja kusimama mbele ya meza yangu umekunja mikono. "Mama, wamenimalizia mazoezi." Nilimsimulia kila mteja aliyepita siku ile, na wengine walinunua kwa sababu ya kucheka tu.

Na lengelenge lako la kidole gumba, je? Kila mwisho wa wiki lipo, na daima mguu wa kulia. Tulibadilisha soksi. Tukazivaa nje ndani ili mshono usikwaruze. Tukapaka mafuta ya mgando katikati ya vidole, tukalegeza kamba, tukazikaza. Wapi! Mpaka ile siku ya mvua, biashara hakuna, nikakusimamisha juu ya katoni la sabuni nikakuchora nyayo kwa kalamu. Tulipozikata zile katoni na kuzipanga moja juu ya nyingine, ya kulia ikachomoza mbele, na ubavuni pia. Ulitazama, ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, mimi ni kilema?" Nilitamani kucheka lakini niliona macho yako. Nikakuambia, hapana, mwanangu, wewe ni mtu, na Mungu hana kiwanda. Watu wengi wana mguu mmoja unaomzidi mwenzake, ila hawakimbii vya kutosha mpaka mguu wenyewe uwaambie.

Ndipo likanijia wazo. Sisi wa mitumba jozi tunazifunga kwa kamba wenyewe. Kwenye belo viatu vinakuja vimefungwa viwili viwili, lakini fundo linafunguka na kufungwa upya, na hakuna wa kuniuliza. Nikamwambia Bana Chanda anitafutie raba mbili za aina moja zinazopishana namba moja. Alishika kichwa. "Awe, Mama Sekela! Hapana! Uharibu jozi mbili umvalishe mtu mmoja?" Nikamwambia ndiyo, tena huyo mtu ni mmoja tu niliye naye. Akaguna, lakini alitafuta miezi mingi, akazileta. Ulizivaa pale pale sokoni, ukaruka ruka mara chache, ukanitazama, ukaondoka bila kuaga. Ulirudi foleni yote umeimaliza, hukuchechemea, ukaketi chini ukavua soksi na kunionyesha kidole gumba mbele ya wateja. Kizima! Nilikuwa na furaha kuliko siku niliyouza belo zima kabla ya saa sita.

Ikabaki ile jozi nyingine, kushoto kubwa, kulia ndogo. Ilikaa mezani mpaka ikapauka kwa jua. Ukawa unanitania kwamba nimezaa mtoto asiyeoleka. Halafu akaja yule utingo wa Kizambia, kijana mrefu, akazivaa ili mradi, akatembea mpaka kwa muuza ndizi na kurudi, akatembea tena. "Mama," akasema, "viatu vyako vimenijua." Wewe ulijitupa nyuma ya pazia ukicheka mpaka pazia likaanguka. Nilimweleza ukweli, maana sikutaka aje kugundua mwenyewe akiwa Lusaka. Akavua, akasimama peku, akaweka miguu pamoja, na ni kweli, wa kushoto ulimzidi mwenzake. Alisema maisha yake yote alidhani viatu vya kushoto vinashonwa vibaya. Kila akipita na lori lao sasa hupiga honi, na nikimwona namkumbuka mwanangu nyuma ya pazia.

Si kila siku tulicheka, najua. Yule mama wa kwaya alikuona unakimbia na bukta, akanisubiri baada ya ibada, akanishika mkono kwa upole wa uongo. "Mama Sekela, mwambie binti apunguze. Mbio za sakafuni huishia ukingoni." Nikamjibu, "Mwanangu hakimbilii sakafuni, dada, anakimbilia lami." Nikaondoka zangu. Nyumbani nilikupa taiti ya kuvaa ndani ya bukta, ukadhani nimewaogopa. Sikuwaogopa, mwanangu. Nilikuwa nimeona mapaja yako yamechubuka mpaka unatembea umepanua miguu, na nikajua kitambaa cha kubana kitakusaidia kuliko mafuta peke yake. Maneno ya watu niliyatilia pamba masikioni tangu zamani, tangu baba yako alipotuacha.

Halafu ile sidiria! Hapa naandika na machozi ya kucheka yanaloanisha karatasi. Bana Chanda alileta kitu kipana, kinavutika, hakina vifungo wala kamba nyembamba, tukakigeuza geuza hatujui ni nini. "Hii ni ya mtu wa mgongo," akasema, "hospitali wanafunga hivi." Nikamwamini. Nikakitundika, na mzee mmoja mwenye kiuno kibovu akakiona, akakivalia juu ya shati lake pale pale, akasema kweli, nasikia nafuu. Ndipo ukatokea shule, umevaa sketi ya bluu na begi mgongoni, ukapiga ukelele. "Mama! Hiyo ni sidiria ya kukimbilia!" Yule mzee aliivua haraka kuliko alivyoivaa. Alitaka hata kuomba msamaha, maskini, tukampa mkanda wa kweli na soda. Lakini siku ulipoikimbilia uliniambia jambo ambalo halijanitoka. Ulisema, "Mama, leo nimekimbia kifua mbele, napata hewa, sikujikunja." Nikagundua kwamba miaka yote ulikuwa unakimbia umeinama mabega kwa sababu ya kujificha, na hakuna aliyeniambia kwamba hilo nalo ni jambo la vifaa.

Vwawa usiniambie umesahau. Yale mashindano ya mkoa, atakayeingia kwenye nafasi tatu za mwanzo anachukuliwa timu ya mkoa. Wewe, mtoto wa muuza viatu, ukataka raba zako ziende zikipendeza. Ukafanya kile ulichoniona nikifanya kwa kila kiatu kinachopanda mezani: maji ya moto, sabuni ya unga, brashi mpaka soli ikawa nyeupe, kisha juu ya bati, juani, mchana kutwa. Zilipendeza kweli, ungeweza kumvalisha bwana harusi. Ila gundi ilikuwa imeshaaga dunia. Nilikuwa nimesimama kwenye kile kilima na chupa yako ya maji, nikakuona unakuja, na nikasikia kabla ya kuona, pa, pa, pa, soli ya kulia imefungua mdomo inapiga lami. Ulikuwa wa pili. Ukawa wa tatu, ukawa wa nne pale pale mbele ya macho yangu, na uso wako umeshaanza kulia.

Palikuwa na mwanamume wa nyanya kando ya barabara, tenga lake limefungwa kwenye baiskeli kwa mpira wa tyubu. Sikumwomba, niliufungua tu. Akanitazama, akakutazama, akasema, "Chukua, dada, fanya haraka, nyanya zitasubiri," na yeye mwenyewe akakushika mguu wakati mimi nafunga, mzunguko mmoja mbele, mwingine katikati, fundo juu ya kamba. Nikakupiga mgongoni, nenda! Ulikwenda mwanangu. Ulimpita yule wa Itumba kwenye mteremko, mimi nyuma yako napiga vigelegele na nyanya zinabingirika barabarani. Wa tatu! Walitaka kukukatalia kwa sababu ya ule mpira, mwamuzi mmoja akasema mpira haukimbii. Tangu siku hiyo raba za mbio unaziosha kwa maji baridi, unazikausha kivulini na karatasi ndani, na wala huniulizi kama zinapendeza.

Kamsamba ndiko tulikojifunza habari ya maji. Nilikuwa nimekwenda kuchukua mpunga baada ya mavuno, ukanifuata, ukasema joto la kule litakukomaza. Uliondoka jua limeshapanda, kichwa wazi, huna chupa, kwa sababu wewe ni hodari wa foleni ya Tunduma ambako madereva wanakuwekea kila kitu. Uliporudi uso wako ulikuwa na chumvi nyeupe kwenye nyusi na unazungumza maneno ambayo hayaungani. Yule mama wa Kisukuma tuliyefikia kwake hakutaharuki. Alikuweka kivulini, akakoroga maji, sukari kidogo na chumvi, akakunywesha kijiko kwa kijiko akinisema mimi, si wewe. "Ng'ombe wangu nawapeleka majini kabla hawajalia, wewe mtoto unamsubiri alie?" Alikuwa na haki. Kesho yake nikakununulia kapelo na ile chupa ndogo, nikaishonea mfuko wa soksi kuukuu ili isikuteleze mkononi. Kila ukitoka nakuuliza, kofia ipo, maji yapo? Mpaka ukachoka na mimi.

Basi ndani ya kifurushi hiki utakuta hivyo vyote, maana nimeshakifunga mara tatu na kukifungua. Zipo soksi nyembamba ambazo umeshazikimbilia hapa nyumbani, uliziacha chini ya kitanda, na ole wako uvae mpya siku ya mbio. Yapo mafuta ya mgando, kopo kubwa. Paka kwapani, mapajani, katikati ya vidole, usione haya, kwenye kilomita ya thelathini hakuna mrembo. Pini za kubandikia namba nimeweka nyingi kwa sababu huwa unazipoteza, na bandika namba pembe zote nne isikupigepige tumboni. Kapelo nimeifua. Ile saa ya Nakonde nimeibadilisha betri. Unakumbuka ilivyolia katikati ya mahubiri na hukujua kuizima, ukaikalia? Chumvi na sukari nimechanganya kwenye kijifuko, wewe utatafuta maji. Na bukta ya kijani, ile yenye kimfuko cha nyuma, weka humo kipande cha kitambaa cha kufutia jasho.

Na raba. Utavaa ya kulia kutoka jozi ya arobaini na ya kushoto kutoka jozi ya thelathini na tisa. Zimeshavaliwa na watu wa huko zilikotoka, zimelainika, hazitakuuma kama kitu cha dukani. Leo ni Jumanne. Ukizipata kesho una asubuhi tatu za kuzikimbilia polepole kabla ya Jumapili. Zile za kambini usizitupe, mrudishie kocha kwa mikono miwili, mwambie asante, mwambie mguu wangu mmoja umemzidi mwenzake. Maneno machache tu. Ulishindana na wasichana wa mkoa mzima, utashindwa na sentensi moja?

Sasa nataka nikuambie jambo, na nimelizunguka barua nzima. Uliposema "narudi nyumbani", moyo wangu uliruka kwa furaha. Ndiyo. Kabla sijafikiria kucha zako, kabla sijafikiria kocha wala muda wake, niliona kitanda chako kina mtu, niliona sahani mbili mezani. Nilikaa na furaha hiyo usiku ule, asubuhi nikaiangalia vizuri, nikaona ni furaha ya mama, si yako. Nakupenda mno, Sekela. Nyumba ni kimya mpaka naongea na redio. Lakini sitaki urudi kwa sababu ya kidole gumba. Ukirudi kwa sababu umechoka na mbio, nitakupokea kwa vigelegele kutoka Mpemba mpaka boda. Ukirudi kwa sababu ya kiatu, mimi, mama yako, ninayelala na kuamka na viatu, nitaweka wapi uso wangu?

Nimemsomea Bana Chanda barua hii mpaka hapo, kwa sauti, na muuza ndizi naye akasogea, na wateja wawili wakasahau walichokuja kununua. Wote wanasema ukimbie. Bana Chanda akazichukua raba, akazipima kwa kiganja, akaniuliza swali moja. "Mguu wake umeushika lini?"

Nikazichukua raba kwake, nikazirudisha mezani.

Maana ni kweli. Nilikushika miguu siku ulipoondoka, ulipokuwa unajaribu viatu vya safari, na tangu hapo umekimbia milima yote ya Iringa mvua na jua. Mguu wa mkimbiaji hautulii. Unapanuka, unashuka unyayo, na kucha nyeusi maana yake huenda hata arobaini ni ndogo. Namba ninayoijua ni ya msichana aliyeondoka hapa. Huyo uliye sasa simjui miguu yake, na kwa simu mguu haupimiki, hata vocha ingekuwa haiishi. Nimezishangilia hizi raba toka asubuhi kama kwamba tayari umezivaa!

Kwa hiyo nimefungua kifurushi mara ya nne. Nimeongeza jozi ya arobaini na moja, si rangi ile lakini soli yake ni nzuri, na nyingine pana ya mbele, na soli za ndani za kuongezea. Havikuingia kwenye mfuko tena, nimechukua begi. Keshokutwa kuna belo jipya linafunguliwa hapa, la kwanza zuri mwezi huu, na asiyekuwepo kwenye kufungua anabaki na makombo. Wachague wao. Bana Chanda atakaa kwenye meza yangu, ameapa hataharibu jozi hata moja. Muuza ndizi amenikatia chane ya njiani bila kuniuliza.

Sijawahi kupita Makambako, unajua ninavyoogopa zile kona, nitafumba macho. Basi linaondoka alfajiri, na nimeshamwambia kondakta anishushe Ipogolo. Akaniuliza mzigo ni wa nani na nani ataupokea huko. Nikamwambia mzigo na mimi tutashuka wote.

Barua hii inatangulia usiku huu na dereva wa lori, kwa hiyo mwombe mlinzi wa kambi asinifukuze, mwambie ni mwanamke mfupi mwenye begi la viatu na sauti kubwa. Jumapili sijui utaingia wa ngapi, wala sijui kama utawahi huo muda wa kocha. Hilo ni lako na barabara. La kwangu ni dogo, ni kidole gumba changu juu ya kidole gumba chako, nibonyeze, niseme kinatosha au hakitoshi.

Osha miguu, nakuja.

Mama yako